Somo la Robo Hii: Tusilichome Sanduku la Bibi

Robo hii somo letu linahusu vikundi vya ushonaji na kazi za mikono. Naomba nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa bado mgeni katika kazi hii ya uratibu, nilitembelea kikundi kimoja cha akina mama hapa Makoko. Tulikuwa tunajiandaa kupokea cherehani mpya, na chumba cha kuziweka kilikuwa kimejaa vitu vya zamani. Kulikuwa na sanduku la bati lililoanza kushika kutu. Ndani yake mlikuwa na karatasi zilizokatwa kutoka magazeti ya zamani na mifuko ya saruji, zimefungwa kwa vipande vya khanga. Mlikuwa na bahasha mbili tatu za pateni kutoka nje zenye picha za wanawake waliovaa magauni ya zamani, kopo la maziwa lililojaa vifungo, na vitambaa vya kudarizi vilivyofifia rangi. Nilitazama saa yangu, nikasema, "Jamani, takataka hizi zitolewe, tupate nafasi."

Karatasi zilichomwa nyuma ya jengo siku ileile. Mama mmoja mzee alichukua vitambaa kimya kimya, akavifunga ndani ya khanga yake, akaondoka navyo.

Cherehani zilifika, tukapiga picha, taarifa ikaandikwa. Kikundi kikashona sare za shule, kama wanavyoshona mafundi wengine wengi wa Musoma. Msimu wa kufungua shule ulipopita, kazi ikaisha. Mwaka wa pili nilizikuta cherehani zimefunikwa shuka. Nikauliza kwa nini hawabuni kitu kingine, magauni ya watoto kwa mfano. Yule mama mzee akanijibu kwa upole, "Baba Mratibu, vipimo vya magauni ya watoto vilikuwa kwenye zile karatasi. Ulisema zichomwe."

Sina la kumjibu hadi leo. Somo hili ni namna ya kulipa deni hilo.

LENGO LA SOMO

Baada ya kusoma na kujadili somo hili, kamati iweze:
- kutambua vitu vya zamani vya ushonaji na kazi za mikono vilivyomo ndani ya usharika;
- kuvitunza na kuvinakili kabla havijapotea;
- kusaidia kikundi kupata ubunifu mpya kutokana na vitu hivyo, kisha kupanga bei ya haki;
- kulinda haki ya mwenye mali.

KITAMBAA CHENYE SAMAKI

Siku ile baada ya kunijibu, yule mama alikwenda nyumbani akarudi na kimojawapo cha vile vitambaa. Kilikuwa kitambaa cha meza, cheupe, pindo lake limedariziwa samaki wadogo wanaofuatana. Mmoja alikuwa na mgongo mwekundu, mwingine wa rangi ya chungwa, mwingine wa buluu yenye mistari. Binti mmoja wa kikundi aliuliza ni samaki wa mapambo wa nchi gani. Mama akacheka. "Hao ni furu," akasema. "Hao ni wa hapa hapa."

Wasomaji wetu wa kando ya Ziwa Viktoria wanajua habari hii. Zamani ziwa letu lilikuwa na aina mamia za furu. Sangara alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ilipofika miaka ya 1980 alikuwa ameongezeka sana, furu wakapungua, na aina nyingi hazikuonekana tena. Sangara ametuletea viwanda na fedha, hatumkatai. Lakini binti aliyezaliwa Makoko akawaona furu kwa rangi zao kwenye kitambaa cha mama mzee kabla hajawaona ziwani.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kilichokuwa ndani ya lile sanduku. Zile karatasi na vile vitambaa vilikuwa kumbukumbu na shule. Mama yule hakuwapata furu wale katika kitabu cha michoro. Mshono wa mnyororo alifundishwa darasani, maua ya kunakili alipewa, na samaki aliwaona mwenyewe alipokuwa akiteka maji. Akayaacha maua, akaweka samaki.

VITU HIVI VILITOKA WAPI?

Mara nyingi tunapotaja kazi za mikono za zamani tunadhani ni vitu vilivyozaliwa hapa bila kuguswa na mtu mwingine. Sivyo. Tuangalie vitu vinne tu vinavyopatikana karibu katika kila nyumba ya bibi.

Kwanza, khanga. Katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso za kitambaa zilizoletwa na wafanyabiashara, wakaziunganisha kwa kuzishona ziwe vazi moja. Neno leso lenyewe lina asili ya Kireno. Baadaye wafanyabiashara wakaanza kuagiza vitambaa vilivyochapwa vikiwa vizima. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, linalojulikana kwa alama ya Mali ya Abdulla, lilianza mwaka 1887. Maandishi kwenye khanga yalikuja baadaye, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa herufi tunazotumia leo. Hivyo khanga yenye pindo, mji na jina, ambayo leo tunaiona ni yetu kabisa, ilianza kwa mwanamke aliyeshona pamoja vipande alivyovikuta dukani.

Pili, merikani. Kitambaa hiki cheupe kisichopaushwa kilipata jina lake kwa sababu kililetwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Marekani katika karne ya 19. Bibi zetu walidarizi juu yake kwa sababu kilikuwa imara na cha bei nafuu. Baadaye tulikuwa na viwanda vyetu, kama Urafiki cha Dar es Salaam kilichoanza mwaka 1968, na hapa kwetu Musoma kiwanda cha Mutex. Wakulima wa pamba wa Bunda na kwingineko mkoani Mara wanajua kwamba kila kitambaa cha pamba kina jasho la mtu shambani.

Tatu, cherehani. Isaac Singer alipata hataza ya cherehani yake Marekani mwaka 1851. Mwaka 1856 kampuni yake ilianza kuuza kwa malipo ya kidogo kidogo, ili familia isiyo na fedha taslimu nayo iweze kuwa na cherehani. Vikundi vyetu vya kuweka na kukopa vinaweza kutabasamu hapo. Kiwanda chake kikubwa cha Clydebank, Scotland, kilifanya kazi kuanzia mwaka 1885 hadi kilipofungwa mwaka 1980. Ukiona cherehani nyeusi yenye maua ya dhahabu ambayo aina yake ni 15K, 66K au 99K, ile K ni ya Kilbowie, mahali kiwanda hicho kilipojengwa. Baadaye zikaja Butterfly kutoka Shanghai, China, ambazo mafundi wengi wa barazani wanazikanyaga hadi leo.

Nne, pateni, yaani zile karatasi za vipimo ambazo fundi huzilaza juu ya kitambaa kabla ya kukata. Mshonaji Mmarekani aitwaye Ebenezer Butterick alianza kuuza pateni za karatasi zenye saizi mbalimbali mwaka 1863. Pateni za mwanzo hazikuchapwa maandishi. Zilikuwa karatasi nyembamba zenye matundu madogo, na fundi alipaswa kujua kila tundu lina maana gani. Kwetu huku, bahasha moja ikipatikana ilizunguka nyumba kwa nyumba. Kila mama alinakili kwenye gazeti, akapunguza bega, akaongeza urefu, akaandika jina la mtoto wake. Kwa hiyo zile karatasi za magazeti nilizozichoma zilikuwa na marekebisho ya akina mama wa Makoko kwa miili ya watoto wa Makoko.

Mnaona basi. Leso ilitoka nje, merikani ilitoka nje, cherehani ilitoka Scotland, pateni ilitoka Marekani. Bibi zetu hawakukaa wakingoja mradi. Walichukua kilichofika mlangoni, wakakikata upya, wakakitia ziwa na watoto wao ndani yake. Ubunifu tunaoutafuta kwa semina za gharama kubwa ulikuwa ni tabia ya nyumbani.

SI KILA CHA KALE NI CHA KUPOKEWA

Hata hivyo tusiingie katika kosa la pili, la kusifu kila kitu kwa kuwa ni cha zamani. Vitu hivi vina historia yenye maumivu pia.

Mwaka 1892 kampuni ya Singer ilichapa kadi za rangi za matangazo, kila moja ikionyesha watu wa nchi fulani na cherehani yao. Zilitolewa kwa wageni wa maonyesho makubwa ya dunia ya Chicago ya mwaka 1893. Kadi moja inaonyesha Wazulu wa Afrika Kusini wakiwa wameizunguka cherehani. Ni picha nzuri kwa rangi na mpangilio, na leo watu wanaikusanya kama kumbukumbu. Lakini maelezo ya nyuma ya kadi yanawazungumzia Wazulu kama watu wa desturi duni walioanza tu kustaarabika, na cherehani kama sehemu ya ustaarabu huo. Mtu anaweza kujifunza mpangilio wa rangi kutoka kadi hiyo na wakati huohuo akaikataa dharau yake.

Vivyo hivyo mafunzo ya kushona ya wakati wa ukoloni. Katika miaka ya 1950 vilabu vya wanawake Tanganyika vilifundisha kushona, kufuma na kupika. Akina mama wengi walipata ujuzi wa kweli. Lakini kwa kiasi kikubwa mafunzo hayo yaliwaandaa kupamba nyumba ya mume, si kuendesha biashara wala kukaa kwenye kamati ya fedha. Tukirudisha kazi za mikono za zamani, tusirudishe na wazo kwamba kazi ya mwanamke haina bei.

MIFANO MIWILI, WA KARIBU NA WA MBALI

Mfano wa karibu ni kofia ya Zanzibar na pwani. Kitambaa cheupe huchorwa nakshi, kisha hushonwa kwa mkono kwa vishimo vidogo vidogo, kazi inayoweza kuchukua wiki au miezi. Mara nyingi mchoraji ni mmoja na mshonaji ni mwingine. Kofia za namna hiyo huvaliwa pia Oman, ambako huitwa kuma. Kazi hii haijafa ingawa mashine zinadarizi kofia za bei rahisi, kwa sababu wavaaji wenyewe wanajua kutofautisha. Mtu wa pwani akiishika kofia anajua imeshonwa kwa mkono au kwa mashine. Fundisho kwetu ni kwamba soko la kazi ya mkono hulindwa na mnunuzi anayeifahamu. Tusipowafundisha vijana wetu kuutambua mshono wa bibi, hatutakuwa na mnunuzi wa kwanza hapa nyumbani.

Mfano wa mbali ni Gee's Bend, kijiji kilicho kwenye kona ya mto katika jimbo la Alabama, Marekani. Wanawake Weusi wa pale, wajukuu wa watumwa, walishona mifarishi ya viraka kutokana na nguo za kazi zilizochakaa ili familia zisipigwe na baridi. Mwaka 1966 wanawake wa eneo hilo walianzisha ushirika wa kushona mifarishi. Walipata mikataba na maduka makubwa, lakini maduka yalitaka kila kipande kifanane na kingine. Mwaka 2002 mifarishi ile ya zamani, ile ya viraka vya suruali za shamba, ilionyeshwa katika jumba la sanaa la Houston na baadaye New York, na watu wakastaajabu. Mwaka 2006 ilichapwa kwenye stempu za posta za Marekani.

Habari haikuishia hapo. Mwaka 2007 baadhi ya washonaji walifungua mashauri mahakamani kuhusu malipo na haki zao katika kazi zile, na mashauri hayo yakamalizwa mwaka 2008. Kamati zetu ziyashike yote mawili. Kitu cha zamani kinaweza kuwa na thamani kubwa kuliko tunavyodhani, na thamani ikionekana, swali la nani mwenyewe litafuata. Ni heri liulizwe mapema, watu wakiwa bado wanaelewana.

HATUA ZA KUFUATA

Hatua hizi tulizijaribu na kikundi kilekile cha Makoko, na zinaweza kufanyika katika usharika wowote bila fedha nyingi.

1. Siku ya sanduku. Waalikeni akina mama na bibi waje na kitu kimoja cha zamani cha ushonaji au kazi ya mikono: kitambaa, pateni, foronya ya kudarizi, kikapu, kofia, hata kopo la vifungo. Waalikeni na akina baba. Mvuvi anayeshona nyavu ana mafundo yake na sindano yake, na kikundi chetu kilijifunza kwa mzee mmoja fundo linaloshika kuliko lile walilokuwa wakilitumia kwenye mifuko.

2. Sikilizeni na kuandika. Kila kitu kiandikwe katika daftari: nani alikitengeneza, wapi, kwa ajili ya nani, mshono unaitwaje kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani. Wajita, Wakwaya, Wakurya, Waluo na Wazanaki wana majina yao. Bibi akikosa kukumbuka mwaka, mwulizeni alikuwa ana mtoto wa ngapi.

3. Rudisheni kitu kwa mwenyewe. Msibaki nacho ofisini. Pigeni picha, nakilini, kisha kirudi nyumbani. Watu wakiona vitu vinarudi, mwezi ujao wataleta vingine.

4. Nakilini pateni. Gazeti la zamani huwa la manjano na kukatika. Lilazeni taratibu, ondoeni pini zenye kutu, mnakili kwenye karatasi ngumu ya kaki. Pimeni upya, maana saizi za zamani hazilingani na za leo, na pateni nyingine hazikuacha nafasi ya mshono. Kateni kwanza kwenye kitambaa cha bei rahisi kabla ya kugusa kitambaa cha mteja.

5. Tunzeni vitambaa. Msivitie dawa ya kupaushia. Jaribuni kona moja kwanza kuona kama rangi inachuja, kisha fueni kwa maji baridi na sabuni isiyo kali, bila kukamua kwa kusokota. Vianikwe kivulini. Vihifadhiwe vikiwa vimeviringishwa ndani ya kitambaa safi cha pamba, si mfuko wa plastiki, kwa sababu plastiki hufungia unyevu na kitambaa huota ukungu.

6. Fufueni cherehani za zamani kabla ya kuomba mpya. Cherehani nyingi nyeusi za zamani hazijafa, zimekauka tu. Zisafishwe nyuzi na vumbi, zitiwe mafuta ya cherehani, si mafuta ya kupikia ambayo huganda. Mkanda wa ngozi unabadilishika. Zile 15K, 66K na 99K hutumia sindano ya kawaida ya nyumbani, aina ya 15x1, ambayo bado inauzwa madukani. Na pale umeme unapokatika, cherehani ya kukanyaga haisimami.

7. Badilisheni jambo moja tu. Hapa ndipo ubunifu unapoanza. Chukueni kitu cha zamani, mwache mambo yote kama yalivyo isipokuwa moja. Badilisheni rangi, au ukubwa, au matumizi, au picha. Kikundi chetu kilichukua pindo la furu likabaki vilevile, ila likahamishwa kutoka kitambaa cha meza kwenda kwenye ukosi wa gauni la mtoto. Binti yule aliyedhani furu ni samaki wa nje ndiye aliyechora wa kwanza, na yule mama mzee alikaa kando yake akimsahihisha mapezi. Mzunguko wa pili wakabadilisha picha: badala ya furu, mnandi aliyekaa juu ya miamba yetu ya Musoma.

HESABU YA BEI

Kikundi kingi hufa si kwa kukosa wateja, bali kwa kuuza chini ya gharama bila kujua. Tuchukue mfano wa hesabu tu, kila kikundi kiweke bei zake.

Kitambaa: sh. 4,000
Nyuzi: sh. 2,000
Sabuni, mkaa wa pasi na nauli: sh. 1,500
Saa 10 za kudarizi kwa sh. 1,000: sh. 10,000
Jumla: sh. 17,500

Kikundi kikiuza kitambaa hiki kwa sh. 12,000, fedha zikiingia mkononi zitaonekana ni faida ya sh. 4,500. Kwa kweli mshonaji amekatwa sh. 5,500 kutoka katika saa zake kumi. Tuna njia tatu za haki. Kupandisha bei kwa kumweleza mnunuzi kazi iliyofanyika, kupunguza saa kwa kudarizi sehemu ndogo tu kama ukosi au mfuko, au kutenganisha bidhaa: chache za kudarizi kwa bei kamili, na nyingi za kushona kwa cherehani kwa kutumia pateni zilizonakiliwa. Njia ya nne, ya kumwambia mama ajitolee, si njia ya maendeleo.

NENO KWA KAMATI

Daftari la vitu vya zamani liwekwe pamoja na vitabu vya fedha, likaguliwe kila robo. Mchoro ukitumika kwenye bidhaa za kuuzwa, mwenye mchoro au familia yake iulizwe kwanza, na makubaliano yaandikwe na kutiwa saini: je, ni zawadi kwa kikundi, au kuna sehemu ya mauzo? Mama wa furu aliamua kuchukua sehemu ndogo ya kila gauni, na mimi nilifurahi kuliko angesema ni bure. Aidha, msiandike ombi la cherehani mpya kabla hamjajibu maswali mawili: mnazo ngapi za zamani zinazotengenezeka, na mtashona nini ambacho fundi wa jirani hashoni?

NENO KWA WAFADHILI

Tunawashukuru kwa kila cherehani mliyotupa. Mengi yamefanyika. Lakini tunaomba mtuulize swali jipya mnapopitia maombi yetu: kikundi hiki kinajua nini tayari? Fedha kidogo za karatasi ya kaki, nyuzi, daftari na posho ya bibi anayefundisha zinaweza kuzaa zaidi ya mashine ya bei kubwa. Na kama ninyi nyumbani kwenu mna pateni za zamani au majarida ya mishono ya mama zenu, tutafurahi kupata nakala tujifunze, kama mtakavyokaribishwa kujifunza kwetu. Ila msitutumie michoro ya sisi kushona tuwauzie. Tunayo ya kwetu.

DORKASI NA WAJANE WA YAFA

Katika kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 9, tunasoma habari za Tabitha, aitwaye Dorkasi, wa mji wa Yafa. Alipokufa, wajane walisimama karibu na Petro wakilia, wakamwonyesha nguo alizowashonea alipokuwa nao. Mara nyingi tumelihubiri neno hili kuhusu wema wa Dorkasi, na ni sawa. Lakini tuwatazame na wajane. Walipotaka kueleza Dorkasi alikuwa nani hawakuleta barua wala taarifa. Walileta nguo. Walikuwa wamezitunza, na walijua mshono wa nani ni upi. Siku ile mimi nilipoagiza sanduku lichomwe, yule mama aliyefunga vitambaa ndani ya khanga yake alikuwa amesimama mahali pa wajane hao.

MASWALI YA KUJADILI

1. Taja kitu kimoja cha zamani cha ushonaji au kazi ya mikono kilichoko nyumbani kwako. Nani alikitengeneza? Je, watoto wako wanajua?
2. Katika usharika wetu ni akina nani wanaojua mishono ambayo hakuna kijana anayeijua? Tumewahi kuwaomba wafundishe?
3. Kikundi chetu kinashona nini ambacho hakipatikani kwa fundi mwingine?
4. Pigeni hesabu ya bidhaa moja ya kikundi kama ilivyoonyeshwa hapo juu. Mshonaji analipwa kiasi gani kwa saa?
5. Je, mradi wetu wowote umewahi kutupa ujuzi wa watu ili kupisha vifaa vipya? Tufanye nini kurekebisha?

HITIMISHO

Ndugu wapendwa, zile karatasi zilizochomwa hazitarudi. Baadhi ya vipimo tumevipata tena kwa kupima gauni moja kuukuu la mtoto lililookolewa na familia, na kwa kumbukumbu ya vidole vya mama mzee, ambavyo vilijua urefu wa bega hata pale alipokuwa ameusahau kwa namba. Vingine vimepotea kabisa. Cherehani zilizokuwa zimefunikwa shuka sasa zinasikika tena, si kila siku, lakini zinasikika. Na lile sanduku la bati, ambalo nalo lilinusurika kwa kuwa bati haliungui, limepakwa rangi na kurudishwa mahali pake chumbani.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Nami naongeza kwa unyenyekevu: mratibu anayetazama saa yake asitazame sanduku la bibi kwa haraka. Kabla ya mkutano wenu ujao wa kamati, mwombeni mama mmoja mzee afungue sanduku lake, mkae, mwache simu, msikilize. Kisha mtuandikie mliyoyakuta.



Mratibu wa Miradi, Musoma